Tupa na Kidole Gumba

Primitiva Chambilla aliiweka juu ya kitambaa cheusi
bila kuiachia, vidole vitatu bado viko juu yake,
kama mtu aliyempeleka mtoto kwa daktari
na hataki aguswe.
"Niambie nani ameila," akasema.

Hapa Potosi mlima umetobolewa hadi unatitia,
na waliotoboa hawakuachiwa hata kijiko.
Kwao ilibaki hii moja,
sarafu ya mkato, nyeusi mabondeni, nyeupe migongoni.

Nikawasha taa, nikaiinamisha mwanga uipige ubavuni.
Ukiitazama sarafu usoni
itakujibu kwa adabu, haitakwambia kitu.

Nilianza na yasiyo kosa.
Zamani hizo walikata kipande kwa mkasi,
wakakipima, kikizidi wakakipunguza kona,
wakakitwanga nyundo, kikatoka kilivyotoka:
msalaba umekaa upande,
simba mmoja hana kichwa.
Simba huyu hakuchakaa, Primitiva. Alizaliwa hivi.
Pitisha ukucha: bapa, lakini panaparuza,
ngozi ya fedha kabla nyundo haijaifikia.
Kilicholika huteleza.

Na kona hizi mbili, tazama,
weusi umeingia mpaka ndani ya mkato.
Ni mkasi wa serikali. Hapo hakuna mwizi,
au kama yupo ni mfalme.

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka,
nilikuwa nimeshafika ukingo wa chini.

Tupa.
Vijistari sambamba, kama meno ya kitana,
urefu wa kucha mbili.
Mizani ikasema gramu ishirini na tatu na nusu.
Ilipaswa kukaribia ishirini na saba.

"Ni Baldomero wa rehani," akasema. "Hermógenes ameapa.
Mwaka jana ililala dukani kwake wiki mbili
ikarudi nyepesi. Kaka yangu anataka cheti
ampeleke nacho polisi."

Ningeishia hapo. Ada yangu ni ileile.
Lakini yale meno hayakuwa makali.
Niliyapapasa, hayakushika.
Kitu kilikuwa kimepita juu yake, miaka na miaka,
kitu laini, chenye jasho,
na juu kidogo, usoni, palikuwa na kibonde
ambacho hakichimbwi na mfuko wala droo.
Nikaweka kidole gumba changu. Kikabaki nje.
Nikamwomba chake.
Kikatulia.

"Mama alikuwa na mkono huu huu," akasema,
akakitazama kidole kana kwamba kimeitwa shahidi.

Basi tupa ilitangulia, kidole kikafuata.
Wiki mbili za Baldomero hazilainishi hata jino moja.
Aliyeipunguza, au aliyejua imepunguzwa,
aliendelea kuishika.
Kikulacho kilinifika ncha ya ulimi;
nikakimeza na chai iliyopoa.

Nje lori la madini lilipanda likikohoa,
vioo vya kabati vikatetemeka, akangoja lipite.

"Tupa ya baba ilikaa kwenye kopo la chumvi," akasema.
"Sikuwahi kuuliza inafanya nini jikoni."
Halafu, kama anayehesabu:
"Mwaka ule walipofunga mgodi
sote watano tulikwenda shule na viatu."

Cheti changu kina mistari mitatu.
Uzito: nikaandika.
Hali: imelika upande mmoja, kwa kushikwa.
Dosari: kalamu ikasimama.

"Andika," akasema. "Hermógenes anajua kusoma."

Nikaandika: imepunguzwa kwa tupa, zamani,
kabla ya rehani. Jina sikuulizwa tena.
Nikamwambia bei inashuka theluthi nzima,
maana ndiyo kazi yangu kusema hivyo,
lakini alikuwa ameshaikunja ndani ya shali
na kidole gumba kimo humo humo,
hakijatoka.